Chupa ya Maji Matupu

Risasi hii haina bunduki.
Haina mlio, haina tundu la kuingilia.
Huingia na supu, na maji ya kuoshea mboga,
ikajipenyeza mfupani ikijifanya chokaa,
mpangaji asiye na mkataba.

Vilma Pungartnik amerudi nayo, au bila yake, hajui,
katika chupa sita za plastiki
alizoziloweka kwenye asidi wiki nzima
kama maharagwe magumu.
Chemchemi ni ile ya nyuma ya nyumba ya mzee Ožbalt,
kaskazini mwa Slovenia, chini ya mlima
ambao babu zake waliutoboa na kuutoboa
wakifuata jiwe la kijivu lenye uzito wa dhambi.
Mgodi ulifungwa. Maji hayakupewa barua.

Maabara ni chumba kimoja juu ya bohari la wazima moto.
Anafungua nitrojeni: mapovu yanaifukuza oksijeni,
mdaku wa kila chombo,
anayejibu kabla hajaulizwa.
Kisha, kwenye ncha ya mrija mwembamba kama unywele,
tone la zebaki linaning'inia.
Dogo kuliko punje ya mtama. Linang'aa. Halidondoki.

Dawa ya moto ni moto, walisema wahenga,
nao hawakuwahi kuona
sumu ikitumwa kwenda kuikamata sumu.

Volti hasi. Kikorogeo kinazunguka.
Dakika tano anaziita, na metali zinaitika
kutoka pembe zote za kikombe,
zinazama ndani ya tone,
wageni wanaoingia msibani bila kuandikisha majina.
Kisha utulivu. Sekunde thelathini za kutogusa meza.

Halafu umeme unapandishwa ngazi, polepole,
na kila metali inatokea kwenye kipago chake:
zinki kwanza, na haraka zake;
kadimi, kimya kimya;
risasi;
shaba mwisho, kama mtu aliyerudi kuchukua kofia.
Kila moja ikitoka inaacha kilima kwenye kioo,
na urefu wa kilima ndio ushahidi.

Ila leo kilima cha risasi kimechomoza
kwenye chupa ya saba,
ambayo haikwenda chemchemini,
chupa ya maji matupu,
yaliyochujwa yakachujwa tena,
yaliyowekwa pale ili yanyamaze.

Akarudia. Kilima.
Akabadilisha asidi. Kilima.
Akasuuza kikombe mara tatu, mara nne. Kilima,
kidogo, kaidi, kama chunjua.
Saa tatu usiku akajitazama:
koti la sufu la baba yake, mtu wa tanuri,
alilolivaa tangu Novemba kwa sababu ya baridi
na kwa sababu nyingine.
Miaka kumi na mmoja kaburini, na bado
anakung'uta vumbi kwenye meza ya binti yake.

Hakulia. Alilitia mfukoni, akafunga fundo,
akaliacha nje kwenye ngazi, thelujini.
Akarudi na sweta jembamba, anatetemeka,
akaosha kila kitu upya.

Maji matupu yakanyamaza.
Chemchemi ikasema: kilima kifupi.
Akatia risasi anayokijua kipimo chake, kilima kikapanda;
akatia tena, kikapanda tena;
hivyo ndivyo mtoto hupimwa,
kwa kusimamishwa kando ya nduguye.

Asubuhi mzee Ožbalt aliuliza kwa simu:
"Yananyweka?"
Mikrogramu nne kwa lita, alisema Vilma. Chini ya kiwango.
"Sikukuuliza namba, mwanangu."

Akatazama nje. Mfuko ulikwisha kufunikwa na theluji mpya.
Aliijua ile nne. Alijua inavyoweza kukosea, juu na chini.
"Mimi ningekunywa," alisema mwishowe.
"Ila mjukuu wako asubiri.
Nitakuja tena theluji ikiyeyuka,
mlima ukianza kuvuja."